Traxxas Slash 2WD mikononi mwa fundi wa Luthuli: gari la kuanzia mbio za vumbi

Kitu kizuri kuliko vyote ndani ya gari la rimoti la Traxxas Slash 2WD ni kile ambacho vijana hawataki hata kukisikia: mwendo wa mafunzo. Bonyeza kitufe kidogo kilicho kwenye kidhibiti mwendo, kile kisanduku kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota, ushikilie. Taa itageuka kijani, kisha nyekundu, halafu itaanza kupepesa. Mara moja ni mwendo wa kawaida, mara mbili ni wa mashindano, mara tatu ni wa mafunzo. Ukiachia kwenye mara tatu, gari linabaki na nusu ya nguvu zake, kwenda mbele na kurudi nyuma. Mpe mgeni gari hili likiwa na nguvu zote uone kama atamaliza dakika mbili kabla halijabusu ukuta, na kuta za ploti zetu ni za mawe.

"Anti, hiyo ni ya watoto," mpwa wangu aliniambia. Ana miaka 14. Nikamwekea hiyo hiyo ya watoto.

Mimi ni fundi wa simu na amplifaya. Kibanda changu kiko juu ya ngazi katika jengo moja la barabara ya Luthuli, Nairobi, na magari ya rimoti niliyajua kwanza kama kazi ya mezani: mzazi analeta la mtoto wake limekufa, nalifungua, nakuta kibao kimoja kimebeba kila kitu na gia zimelika, namwambia ukweli, anaondoka amenuna. Ndiyo maana gari la rimoti nalipima kwa jinsi linavyofunguka. Swali langu ni moja: likivunjika Jumamosi saa nne asubuhi, saa tisa alasiri litakuwa linakimbia? Kwa Slash jibu ni ndiyo, mradi umejipanga mapema. Kujipanga huko ndiko nitakakokukalia sana hapa, kuliko habari za spidi.

Spidi yenyewe tuimalize haraka. Kampuni ya Traxxas inasema gari linapita kilomita 48 kwa saa, yaani karibu sawa na kile ambacho sheria inaruhusu matatu ndani ya mji. Mota ni Titan 550 ya mizunguko 12, ile ya brashi za kaboni, inayosukuma tairi za nyuma peke yake. Betri ya kawaida ni ya NiMH (ya nikeli), seli saba, volti 8.4, ujazo wa mAh 3000. Gari ni la kipimo cha 1 kwa 10, urefu wake unakaribia sentimita 57 na upana sentimita 30, kwa hiyo si la kuchezea sebuleni. Lilitoka mwaka 2008, likiwa mfano wa zile pikapu za Marekani zinazorukaruka kwenye viwanja vifupi vya udongo, na liliwavutia watu wengi kiasi kwamba klabu za mbio zililifungulia daraja lake. Kabla ya hapo, aliyetaka kushindana kwenye udongo kwa kawaida alinunua bagi, gari jepesi la mbio lisilofunika tairi, kizazi cha RC10 ya Team Associated ya mwaka 1984. Bagi bado ndiyo yenye kasi kwenye kona. Lakini bagi ina tairi zilizo wazi, na wageni wawili wakikutana kwenye kona moja, tairi ya huyu hupanda juu ya tairi ya yule na mkono mmoja, ule unaoshikilia tairi kwenye gari, huvunjika. Bodi ya Slash imefunika tairi zote nne. Mnagongana, mnasukumana, mnaendelea.

Yale magari ya rimoti ya madirishani ni mengi mjini na bei yake haiumizi. Sitataja nembo, maana gari lile lile huuzwa kwa majina matatu manne. Mengi ya yale ya bei ya chini kabisa usukani wake una mambo mawili tu: kushoto yote au kulia yote. Huwezi kukata kona kwa upole. Slash lina usukani unaofuata kidole: geuza gurudumu la rimoti kidogo, tairi zinageuka kidogo; vuta triga nusu, linakwenda nusu. Mbio zote zimo humo. La pili, la dirishani likivunjika mkono umemaliza, kwa sababu hakuna anayeuza mkono peke yake. Kwa Slash kila kipande kina namba yake kwenye kitabu, hadi pini na washa, na vingi vinaingiliana na vya Rustler na Stampede, magari mengine ya kampuni hiyo hiyo.

Basi, vipande. Usitegemee kuvikuta dukani siku unapovihitaji. Mimi huagiza pamoja na wenzangu kutoka nje, tunagawana nauli, na kwenye hesabu tunaweka VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine wa forodha kabla hatujaanza kufurahia bei ya kwenye skrini. Sanduku la mwanzo liwe na hivi: mikono ya mbele jozi mbili, ya nyuma jozi moja, vile vipande vya plastiki vinavyoshika tairi za mbele, gia kubwa mbili, pinioni (gia ndogo ya kwenye mota inayozungusha ile kubwa) moja ndogo kuliko iliyokuja na gari, na klipu za bodi kwa wingi, kwa sababu klipu huanguka kwenye nyasi na kupotea. Mikono ya mbele ndiyo inayokufa kwanza. Ukitaka kuitia nguvu, ile ya kampuni ya RPM ni ya nailoni inayojipinda na kurudi. Mimi nimeiweka mbele tu. Nyuma nimeacha ya kampuni.

Habari njema ni kwamba vingine viko hapa hapa. Skrubu na nati za milimita 3 na 4 zinapatikana mjini kwa wauza vifaa. Beringi nyingi za gari hili ni za milimita 5 kwa 11 kwa 4, saizi ya kawaida duniani, na kwenye pakiti huandikwa MR115. Muuza beringi anayejua kazi yake atakutolea bila kuuliza ni ya nini. Alenki nunua nzuri za milimita 1.5, 2 na 2.5. Alenki laini itakula kichwa cha skrubu na utabaki unachimba kwa drili kitu ambacho kingefunguka kwa sekunde kumi.

Ukibadilisha pinioni, kata kipande cha karatasi chembamba, kipitishe kati ya pinioni na gia kubwa, bana mota, kisha zungusha ukitoe. Nafasi inayobaki ndiyo inayotakiwa. Gia zikibanana sana mota inapata joto, zikiachana sana meno yanakwenda. Ni kazi ya dakika tano, na wanaoiruka ndio wanaoagiza gia kubwa kila mara.

Sasa udongo, maana Nairobi ndipo inapolijaribu gari. Sisi wa upande wa Embakasi tuna ule mweusi, unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua. Likipita kwenye tope hilo, tairi zinageuka maandazi, uzito unaongezeka, mota inavuta hadi inanuka. Siku za tope jeusi hatukimbizi, basi. Kaka yangu anaishi upande wa Kikuyu kwenye udongo mwekundu, na huko hata baada ya mvua kunachezeka, ila nyuma ya gari inateleza kila ukigusa triga. Kiangazi ule mwekundu unatoa vumbi laini linaloingia kila tundu. Waliofuata Safari Rally tangu iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 wamesikia madereva wakililia fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga, ya Naivasha. Ya kwetu ni ndogo, na gari letu pia ni dogo.

Vifaa vya umeme vya Slash vinahimili maji: sevo (mota ndogo ya usukani), kidhibiti mwendo, na kipokezi cha mawimbi ya rimoti kilicho ndani ya kisanduku chake chenye mpira. Wengi wanasikia hilo wanadhani gari zima ni la kuoga. Beringi hazipendi maji, na brashi za mota hulika haraka zikizunguka ndani ya maji. Ukitoka kwenye dimbwi, kausha, kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi siku hiyo hiyo. Ukilala hadi Jumatatu utakuta kutu. Vumbi kavu nalitoa kwa brashi ya rangi na blowa yangu ya kazini, ile ya upepo baridi. Usiguse petroli. Inaharibu bodi na inakausha plastiki. Na kwenye shoki kunaingia mafuta ya silikoni tu. Aliyekwambia oili ya injini inafaa hajaona mpira wa ndani ulivyovimba.

Betri ndipo watu wa Luthuli tunapochangamka. Toleo langu lilikuja na chaja ya volti 12 ya kuchomeka kwenye kile kitundu cha sigara cha gari. Sina gari kubwa, lakini pawasaplai ya kompyuta kuukuu inatoa volti 12 safi, na aliye na betri ya sola nyumbani anaweza kuitumia hata stima ikipotea. NiMH ni betri ya subira. Inakupa kama robo saa ya kukimbia, inatoka ya moto, na hupaswi kuirudisha kwenye chaja kabla haijapoa. Mota nayo inataka mapumziko hayo hayo. Kuwa na betri mbili na usizikimbize mfululizo.

Wengi hupenda kuhamia lipo, betri ya lithiamu, ya seli mbili. Ni nyepesi na nguvu zake hazilegei mapema. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida, ikijaa ni 4.2, na ikishuka chini ya 3 inaanza kuharibika, hata kuvimba. Kwa hiyo tazama taa ya kidhibiti mwendo. Kijani maana yake ulinzi wa volti ya chini umewashwa, nyekundu umezimwa. NiMH inaruhusiwa nyekundu. Lipo hairuhusiwi kabisa. Chaji kwa kiwango kisichozidi ujazo wake, yaani betri ya mAh 5000 isipewe zaidi ya ampea 5, tena ikae juu ya saruji au ndani ya sufuria kuukuu, na wewe uwepo. Usiiache kitandani ukaenda kununua mboga. Ukiihifadhi kwa muda mrefu, iwe na volti kama 3.8 kwa kila seli. Na kama kuna ndugu anakuletea kutoka ng'ambo, mwambie betri ya akiba aibebe kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Ya volti 7.4 na mAh 5000 ni wati-saa 37, iko mbali na kikomo cha 100 cha ndege.

Plagi za Traxxas ni za kwake. Betri nyingi za mjini na za mtandaoni huja na plagi nyingine, kwa hiyo kuna kulehemu. Tumia waya mnene wenye ngozi ya silikoni. Wa spika utayeyuka. Kama hujui kulehemu, peleka kwa fundi na umwambie wazi kwamba waya mbili za betri zisikatwe kwa pamoja: kata waya mmoja, lehemu, funika, ndipo ukate wa pili. Nimeona cheche ya aliyekata zote mbili kwa mkasi mmoja.

Kuhusu magari ya injini ya mafuta, nitasema machache. Yanalia vizuri. Yanataka mafuta yenye nitromethane, ambayo huyapati petroli steshoni, na kabureta yake lazima ipimwe upya kwa hewa nyepesi ya mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari. Majirani nao wana masikio. Anza na umeme.

Kuendesha kwenyewe kunataka macho kuliko vidole. Gari likienda mbele yako, kulia ni kulia. Likigeuka kukurudia, kulia kwako ni kushoto kwake, na hapo ndipo kila mgeni anapoligonga. Dawa yake ni zoezi la kuchosha: weka ndala mbili chini, mita tano kati yake, uzunguke kwa mchoro wa nane hadi mkono uache kuuliza. Fanya hivyo kwa mwendo wa mafunzo. Mpwa wangu alipinga, kisha akashindana na dada yake mdogo kwenye ndala hizo, dada akamshinda, na malalamiko yakaisha.

Uwanja wetu ni kipande nyuma ya shule moja, kwa ruhusa na kwa soda ya soja wa langoni. Mipaka ya njia tumeiweka kwa mipira ya maji iliyotoboka, imekatwa na kupigiliwa chini. Ukuta wa mawe unavunja, mpira unakurudisha njiani. Kona kali tumeziwekea magunia yenye udongo. Kuna tuta moja la kuruka, na tuta hilo linafundisha kuliko mimi: gari likiwa hewani, ukivuta triga pua inapanda, ukifunga breki pua inashuka. Bodi ya Slash ni pana na inashika upepo, hivyo pua hupenda kupanda yenyewe. Wengine hutoboa matundu sehemu ya nyuma ya bodi hewa ipite. Mimi nimetoboa mawili, na naona tofauti.

Tunakimbia dakika tano, kama ilivyo desturi ya mbio nyingi za umeme. Anayehesabu mizunguko ana simu na daftari. Kurudi nyuma ni marufuku, kwa hiyo kila mtu anaweka mwendo wa mashindano, ule wa taa kupepesa mara mbili, unaoacha breki na kuondoa rivasi. Gari likipinduka, mwenyewe haliendei. Linainuliwa na marsho aliyesimama karibu, na marsho ni wale waliomaliza mbio zilizotangulia. Ukikimbia, unasimama. Asiyetaka kusimama juani kuinua magari ya wenzake hapati nafasi ya pili, na sheria hiyo tunaishika kuliko zote.

Kwenye njia hiyo ndipo kasoro za gari zinapojitokeza. Kimo chake ni kirefu, likiingia kona kwa pupa linaegemea tairi mbili na kulala ubavu. Sevo yake haina haraka, na aliyezoea atatamani nyingine. Rimoti ya TQ ni ya moja kwa moja, haikumbuki mipangilio ya magari zaidi ya moja. Nyuma inakwepa kwenye vumbi. Hii ya mwisho mimi siihesabu kasoro, kwa sababu ndiyo inayokulazimisha kujifunza triga. Anayeanzia gari la tairi nne zinazovuta huwa anabana kila kitu hadi mwisho na gari linamsamehe. Siku akishika la tairi mbili, anazunguka papo hapo. Tena la tairi nne lina difu mbili (gia zinazoruhusu tairi za kushoto na kulia kuzunguka kwa mwendo tofauti), shafti nyingi na vipande vingi zaidi vya kuagiza.

Mpya, ukijumlisha usafiri na ushuru, si bei ya mtoto kuomba kwa krismasi. Langu nililinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, shilingi 25,000 na betri mbili ndani. Ukipata la namna hiyo, beba bisibisi na alenki zako. Inua nyuma, shika gia kubwa kwa kidole usizungushe mota, kisha zungusha tairi moja: ya pili izunguke kinyume kwa ulaini. Ikikwama au ikitoa mlio wa kukwaruza, difu imekula meno. Shika kila tairi uitikise. Ikicheza sana ni beringi au mkono. Sukuma shoki chini uone kama inarudi taratibu au inaruka, na kama ina mafuta nje. Fungua kifuniko cha gia utazame meno yote, siyo yale ya juu tu. Nusa mota. Omba kuliendesha hadi betri ipungue nguvu, maana mota mbovu huonekana ikipata joto. Mwisho chomeka betri, washa, tazama taa. Ukikuta ni nyekundu na betri aliyokuwa akitumia ni lipo, betri hizo usizilipie hata shilingi, na gari toa bei upya.